Vichwa Dirishani

Jumapili, 2 Machi

Miguu imevimba lakini moyo umechangamka. Daktari alisema nitembee — basi nimetembea! Mama ametupeleka bustani ya mlimani, ile ya madungusi na mishubiri, ati watoto wake wawili wapigwe na upepo kabla ya operesheni. Watoto wenyewe ndio sisi: mimi, mshonaji, arobaini na sita, figo zote mbili zimeniaga. Na kitinda mimba wetu, ambaye tangu azaliwe tunamwita Kitinda tu, kinyozi, thelathini na moja, figo zote mbili nzima. Tarehe kumi na tisa, figo moja inahamia kwangu.

Bustani haina kivuli. Ni matuta ya mawe yanayopanda mlima, ngazi za saruji katikati, na kila upande mimea minene isiyo na majani imesimama wima. Upepo ulikuwa mkali, vumbi juu, kofia ya Mama ikataka kuruka — na hakuna mmea hata mmoja uliotikisika. Hilo limenikaa kichwani mpaka sasa. Upepo wote ule, na hakuna kinachocheza.

Nikasimama mbele ya dungusi moja lililovimba kama pipa. Mimi nimeruhusiwa vikombe viwili vya maji kwa siku, kwa sababu yakiingia hayatoki, yanajikalia miguuni na machoni. Nikaliambia, shoga, sisi wawili tumejaa maji na bado tuna kiu. Mama akasema niache kuongea na miiba, watu wanatutazama.

Juu kabisa kuna banda la vioo. Mtunza bustani, jamaa mwenye tumbo na glavu za ngozi, alikuwa anafanya kazi huku anapiga soga. Ana vidungusi vyekundu vya duara, vizuri kama pipi. Anasema hivyo havina rangi ya kijani, kwa hiyo haviwezi kujilisha, vikiachwa peke yake vinakufa. Basi anachukua dungusi la kijani, anakata kichwa kwa mara moja tu, anaweka kile chekundu juu ya shingo iliyobaki, anafunga kwa mpira. Baada ya wiki chache wameshikana. Kazi hiyo anaiita kubebesha. Na anawataja kama watu: huyu wa juu, huyu wa chini.

Mama akapiga makofi, akasema Mungu mkubwa, si ndiyo operesheni yetu hii hii! Kitinda hakucheka. Akauliza wa chini anaishi muda gani. Mtunza bustani akasema miaka michache, halafu anachoka, lakini ndiyo kazi yake. Kitinda akauliza, "Na aliulizwa?" Jamaa akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Kisha Kitinda akapotea. Tulimkuta nyuma ya banda, amechuchumaa mbele ya lundo la vichwa vya kijani vilivyokatwa. Vimetupwa tu pale. Havina mizizi, havina udongo, hakuna anayevimwagilia — na vinachanua. Maua meupe, makubwa, juu ya takataka. Alikuwa ameshika kimoja kwa mkono mtupu. Nikamwambia atachomwa. Akasema, "Sawa, dada," akakitia mfukoni.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya mashine. Nusu siku kitini, damu inatoka, damu inarudi. Mrija wa shingoni unasumbua tena. Daktari amesema waziwazi, nesi akisikia: mishipa mizuri imekwisha, huu ndio wa mwisho, operesheni isiahirishwe. Ni kufa na kupona. Nikamwambia kama naruhusiwa kuchagua, nachukua kupona. Hakucheka.

Kitinda amehamia kwangu mpaka siku yenyewe, analala chumba cha kushonea. Kile kichwa amekiweka dirishani, kando ya kopo langu la vifungo.

Niandike jinsi alivyokubali, nisije nikajidanganya baadaye. Kilikuwa kikao cha familia, sebuleni kwa Mama, baba wadogo wawili kwenye simu, spika wazi. Mama akasema dada yako alikubeba mgongoni mpaka ukajua kukimbia, sasa zamu yako. Wote tukamkodolea macho. Baba mdogo mmoja alishaanza kumshukuru. Kitinda akasema, "Sawa."

Na sawa yake tunaijua! Aliambiwa akasomee umeme, akasema sawa, tukaja kumwona miezi baadaye ameshika mkasi. Aliambiwa akampokee shangazi stendi, akasema sawa, shangazi akalala kwenye benchi na mizigo yake. Sawa ya Kitinda haijawahi kuwa ndiyo. Wote pale sebuleni tulilijua hilo, na wote tulijitia hamnazo. Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza tena, tukiwa wawili tu. Naogopa jibu. Ndiyo sababu siulizi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka, kuna glasi ya maji kando ya kitanda. Ile ya buluu, ya wageni. Imejaa hadi mdomoni, maji yamevimba juu ya ukingo, na mezani hakuna hata tone. Kutoka jikoni hadi kwangu kuna kona na mlango. Ameibebaje?

Nimemuuliza. "Nimekuwekea, dada." Nikamkumbusha habari ya vikombe viwili. Akasema sawa.

Nimeimwaga kwenye sinki. Nikayatazama mpaka tone la mwisho, na ni kwa kiu, nisidanganye.

Ijumaa, 7 Machi

Glasi jana. Glasi leo. Nimemwaga zote.

Dirishani vichwa vimekuwa safu nzima. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufungua duka lake la kunyolea, Kitinda hupitia mlimani. Anarudi na vumbi kwenye viatu na mfuko umetuna. Viganja vyake vimejaa vidoa vyekundu vya miiba. Nimemwambia aichomoe miiba, nimempa hata kibano changu. Hasikii maumivu, anasema. Akaketi, akaanza kunikunjulia shati alilotaka nimtilie kifungo, kama mtu asiye na neno.

Alasiri alikuja mwalimu mstaafu na suruali ya kupunguza. Huyu hunyolewa na Kitinda tangu duka lilipofunguliwa. Akazungukazunguka weee, mwishowe akalitoa: juzi mdogo wangu alimaliza kumnyoa, kisha akaacha kidole kwenye shingo yake, akawa anakipitisha upande huu hadi upande huu, polepole, kama mimi ninavyopitisha chaki kwenye kitambaa. Mwalimu akamuuliza vipi kijana. Akajibiwa, "Natazama pangekatwa wapi." Mwalimu alicheka alipokuwa ananisimulia, lakini alikuwa ameishika shingo yake.

Jambo lingine. Vichwa vimeanza kuinama. Mmea huinamia mwanga, hata mimi najua. Dirisha liko mashariki. Hivi vimeinamia mlango, na mlango wa chumba cha kushonea unatazamana na wa kwangu. Nimevigeuza vyote.

Jumamosi, 8 Machi

Vimerudi vilivyokuwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda bustanini peke yangu. Nimemdanganya Mama kwamba nafuata uzi. Ngazi zilinitoa jasho, nikapumzika kwenye kila tuta, na kila nilipopumzika nilihisi natazamwa na wengi wasio na macho. Ni upuuzi, najua. Mtu akiwa na maji ya shingo huona mengi.

Mtunza bustani alinikumbuka. Akasema ndugu yangu ni mtu wa maana, anakuja hata kabla geti halijafunguliwa, anapitia kwenye uzio. Kazi anayoifanya ni kunyoa. Anawanyoa miiba wale wa chini, ili wasiwachome wafanyakazi wakati wa kubebesha, na ana mkono mwepesi kuliko wote pale. Akanionyesha. Mistari mitatu ya mashina ya kijani, laini, hayana mwiba hata mmoja. Nikagusa moja. Lilikuwa na joto, kama kisogo cha mtoto.

Kisha sauti ikashuka. Kuna tatizo dogo. Baadhi ya vile vyekundu vimekutwa chini, mipira imekatwa vizuri kabisa, mkato wa mkasi. Vimeanza kunywea. Na wale wa chini waliotuliwa mizigo wametoa vinundu ubavuni, vichwa vyao wenyewe vinarudi. Akasema kwa kawaida vinundu hivyo huvunjwa vikiwa vichanga. Ukiviacha, wa chini anajilisha mwenyewe, wa juu anakauka.

Nikauliza, "Huwa mnavivunja vyote?"

"Vyote, dada yangu. Hapa tunauza vyekundu."

Sikumwambia mkasi ule ni wa nani. Nilishuka ngazi na maneno yake, na sikununua uzi wala nini.

Jumatano, 12 Machi

Vichwa vimechanua. Vyote kwa pamoja, asubuhi hii. Harufu tamu mpaka inakaba, imeingia hadi kwenye vitambaa vya wateja. Maua yote yanatazama mlango wangu, yamefunguka kama midomo inayonyonyeshwa.

Mama alikuja na uji wangu, akasema maua ni baraka. Akasema pia kwamba amezungumza na yule binti wa duka la dawa. Sikujua kwamba kuna binti wa duka la dawa! Kumbe yeye na Kitinda wana mwaka na zaidi, kumbe walikuwa na mpango wa kuhama wote wawili mwezi huu, Kitinda akafungue duka la kunyolea mji mwingine. Mama amemwambia binti asubiri kwanza, asimchanganye kijana, mambo ya ndoa yatakuja baada ya operesheni. Alilisema akiwa anapanga vikombe. Kitinda alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu. Nilimtazama nikafikiria vinundu, nikatamani kulia, na bado nilikunywa uji wa Mama mpaka kikombe kikaisha.

Nimegundua mengine: Kitinda hanywi. Daktari amemwagiza anywe maji mengi, asafishe figo. Nimemchunguza kutwa nzima. Anajaza ile glasi ya buluu, anaishika mbele ya mdomo, kisha anaiweka chini kamili. Midomo imempasuka.

Na leo sikumwaga. Ilikuwa pale kando ya kitanda, imejaa, imetulia. Nimekunywa yote. Ee Mungu, utamu wake! Nilipoishusha alikuwa amesimama mlangoni. Usoni mwake kulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu akiwa mdogo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeadhibiwa. Pumzi haikuwa inashuka, walinifunga kwenye mashine mapema. Nesi amenisema kama mtoto: nimekunywa nini, kwani nataka kufa na siku imekaribia? Nikasema nilipitiwa. Sikumtaja Kitinda.

Nilipotulia, nesi alinisogelea akanipa siri ya kazini kwao, nadhani alitaka kunifariji. Kila anayejitolea figo huitwa peke yake na mshauri wa hospitali, mlango ukiwa umefungwa. Anaambiwa akisema hataki, sisi ndugu tutaambiwa vipimo vimekataa, basi, na hakuna atakayejua milele. Mlango kamili wa kutokea. Kitinda aliingia mle mwezi uliopita. Nesi anasema alijibu kwa neno moja tu.

Sikuuliza neno gani.

Nifanye nini na mtu kama huyu? Nampenda. Nilimfundisha kunawa uso. Na ninataka figo yake, naitaka kama ninavyotaka maji, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Jumapili, 16 Machi

Mlimani tena, sote watatu, Mama hataki kusikia la mtu. Anataka kuninunulia kidungusi chekundu cha kuweka hospitalini. Alichagua kwa muda mrefu. Nikamwonyesha wa chini mmoja ambaye shina lake lilikuwa limekunjamana. Akasema, "Mimi wa chini simtazami hata. Wa juu ndiye wa kupendeza." Kitinda ndiye aliyekibeba.

Wakati wa kushuka, tulipofika kwa lile dungusi la pipa, nikapiga moyo konde. Mama alikuwa mbele kidogo. Nikasema, "Kitinda, nataka kukuuliza kitu."

Akasimama. Upepo ulikuwa unavuma, shati lake halikucheza. Naandika nilichokiona. Alinitazama mdomoni, si machoni, akasubiri. Nadhani angesubiri mpaka jioni.

Mama akageuka. "Umuulize nini tena? Mambo si yameshakwisha?"

Nikasema, "Umechoka?"

"Hapana, dada."

Basi. Nilikuwa na nafasi, nikaitumia kumuuliza kama amechoka. Tulishuka ngazi zilizobaki kila mtu na lake.

Jumanne, 18 Machi

Begi limefungwa, jioni tunalala wodini. Nimesita kuingia chumba cha kushonea, nikaingia. Kidungusi cha Mama: chekundu kimelala kwenye kizingiti cha dirisha, kimenywea kama zabibu iliyosahaulika. Wa chini amesimama kwenye chungu chake, shingo bapa, safi. Mpira haukukatwa. Bado umemzunguka, mzima.

Vile vichwa vingine vyote havipo. Kitinda anasema amevirudisha mlimani, amevipanda, vitatoa mizizi. Nikamuuliza amevipanda wapi. Akasema, "Mbali na banda."

Nimekifunga chekundu kwenye karatasi, Mama asikione.

Jumatano, 19 Machi

Chumba cha kusubiria. Vitanda viwili, pazia la kijani katikati. Wameshatuvalisha yale magauni yasiyofungika nyuma. Mama yuko nje, namsikia anaomba kwa sauti ya chini.

Nesi wa hapa ni mkali. Amesema mara mbili: tangu jana usiku, hakuna kitu mdomoni. Hata fundo moja la maji, wanafuta kila kitu, na foleni ni ndefu, tarehe nyingine huenda ikachukua miezi. Nimeishika shingo yangu, penye mrija. Miezi mimi sina.

Nililala kidogo baada ya sindano ya kwanza. Nilipofumbua macho, glasi ilikuwa kwenye kimeza. Ya buluu. Yangu ya nyumbani. Imejaa hadi mdomoni, imevimba. Nimemuuliza nesi ameileta nani. Akaitazama bila hamu, akasema alidhani ni ya maua, akatoka kufuata karatasi.

Ndipo nikaelewa. Nikinywa, operesheni haipo. Na yeye hatalaumiwa na mtu — si Mama, si baba wadogo. Watanisema mimi, mroho wa maji. Mimi niliogopa kumuuliza mara moja, kumbe yeye ananiuliza kila asubuhi.

Nimevuta pazia. Amelala kwa ubavu, ameinamia upande wangu, mwili mzima. Wamemchora mstari wa zambarau chini ya mbavu, pale patakapokatwa. Midomo mikavu, imepasuka. Macho yake yako kwenye glasi.

Nikafungua mdomo. Safari hii swali lilikuwa tayari, nililipanga usiku kucha, maneno manne tu.

"Sawa, dada," akasema.

Kabla sijauliza!

Watu wa machela wameingia. Wanaanza na yeye, ndivyo inavyofanyika, anayetoa hutangulia. Mmoja ameinama anafungua breki za kitanda. Nikisema ngojeni, watangoja. Nikinywa, watangoja. Nikinyamaza, wataondoka naye, na jioni nitakuwa na maji ya kunywa nitakavyo.

Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto umeshika glasi, sikumbuki niliinyanyua saa ngapi. Gurudumu la kwanza limezunguka. Ananitazama mdomoni.

Glasi iko juu, karibu na kidevu, na hata tone halijamwagika.